Gari yenye kujaa inapita bure: mustari wa watu tatu mu Washington na Jakarta

Kila siku ya kazi, asubuhi mapema, kuko watu wenye wanapanga mulongo kwenye kiwanja cha magari cha Horner Road, kule Woodbridge, mu jimbo la Virginia, inchi ya Marekani. Hawangoje bisi. Wanangoja gari ya mutu yeyote mwenye anaenda Washington, zaidi ya kilometa 30 toka pale. Gari inasimama, shofere anataja fasi anaenda: Pentagon, kwenye ministere ya ulinzi inafanyia kazi, ao barabara ya 14 katikati ya muji. Watu mbili wa kwanza wa mulongo wanaingia. Hakuna mwenye kulipa hata senti moja, na mara mingi hakuna mwenye anajua jina la mwenzake. Wakifika wanasema asante, wanashuka, basi.

Mukaaji wa Bukavu ao Bunia anaweza kucheka: ile nayo ni habari? Kwetu taksi inabeba watu ine nyuma na mbili mbele, na hakuna mutu anashangaa. Lakini ya kwetu ni biashara. Ya kule ni mambo ya sheria ya barabara: shofere hapewe makuta, anapewa njia. Makala hii inaeleza ginsi ule mupango ulijengwa, ginsi peaje ilikuja kuingia ndani yake, na sababu gani mupango wenye kufanana nao ulizaa mambo mengine kabisa mu muji wa Jakarta, inchi ya Indonesia.

Mwanzo ilikuwa njia ya bisi

Barabara yenyewe inaitwa Shirley Highway, leo sehemu ya I-395. Inatoka kusini na kuingia Washington, na kila asubuhi ilikuwa inafungwa na ambutiyaje. Mwaka wa 1969 wakubwa wa barabara walitenga mistari ya katikati kwa ajili ya bisi peke yake. Bisi zilipita mbio, lakini kati ya bisi moja na ingine mustari ulibaki mweupe, na shofere mwenye kufungwa pembeni alikuwa anauangalia kwa hasira. Mwezi wa 12 mwaka wa 1973, wakati petroli ilikuwa imekosa kwa sababu inchi za Waarabu zilikata kuuzia Marekani mafuta, serikali ilifungua ile mistari kwa magari madogo yenye kubeba watu ine ao zaidi. Mwaka wa 1989 hesabu ilishushwa mupaka watu tatu.

Hesabu ya wenye kupanga barabara ni nyepesi. Mustari mumoja wa barabara kubwa unaweza kupitisha magari karibu 2.000 kwa saa moja, na ukipitisha kipimo hicho, magari yanaanza kusukumana na mwendo unaanguka. Kama kila gari iko na shofere peke yake, ni watu 2.000. Kama magari ni 1.500 tu lakini kila moja imebeba watu tatu, ni watu 4.500, na hakuna ambutiyaje. Lami ni ile ile. Kitu chenye kubadilika ni viti vyenye vilikuwa vinasafiri bure bila mutu.

Serikali haikuandika fasi yoyote kama watu wasiojuana wapandishane. Wenyewe walivumbua. Shofere mwenye alikuwa peke yake aliona watu kwenye kituo cha bisi, akawaambia: ingieni, siye tatu tutapita mu mustari wa katikati. Yeye anapunguza wakati wa safari, wao wanapunguza bei ya bisi. Wanasimulia kama mashofere wa bisi ndio waliwapa jina. Walikuwa wanasimama kituoni na kuona wale watu hawapande. Wakawaita "slug", neno lenye kuonyesha kipande cha chuma chenye mutu anatia mu mashini pa fasi ya feza ya kweli. Abiria ya uongo. Jina lilibaki, na hata wenyewe hawalikatae.

Kiisha kukatokea desturi, na inafuatwa kuliko sheria zingine za barabara. Shofere njo anachagua radio na hewa ya ndani ya gari. Abiria hawaanze mazungumuzo kama shofere hajaanza. Hakuna kuvuta sigara, hakuna kula. Pesa haiguswe, hata kwa kutoa asante. Na mwanamuke haachwe peke yake kwenye mulongo: kama mutu wa mbele yake na yeye ndio wa mwisho, wanapanda pamoja ao wanangoja pamoja.

Kwa nini tatu, kwa nini haiko mbili

Hapa ndipo kazi ya kupanga inaonekana. Kama sheria inaomba watu mbili, bibi na bwana wenye wanaenda kazi pamoja wanaingia. Muzazi mwenye anapeleka mutoto kwa masomo anaingia. Wale walikuwa pamoja hata mbele ya sheria. Barabara haikupata kitu kipya, na mustari unajaa mbio. Sheria ya watu tatu inalazimisha shofere kutafuta mutu wa inje ya nyumba yake.

Kuko sababu ingine, yenye wakaaji wa fasi nyingi za dunia wanaelewa bila kuelezwa. Kuingia peke yako mu gari ya mutu usiyemujua kunaogopesha. Kuingia mukiwa mbili, tena asubuhi mbele ya mulongo wa watu wenye wanakuona, ni kitu kingine. Hesabu ya tatu, yenye ilichaguliwa juu ya magari, ililinda pia abiria.

Barabara I-66, yenye inaingia Washington kutoka upande wa mangaribi, inaonyesha tofauti hiyo. Kwa miaka mingi, saa za watu wengi, ilikuwa inaomba watu mbili. Mistari ilikuwa inajaa. Kuanzia tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka wa 2022 hesabu ilipandishwa mupaka tatu kwa mwenye anataka kupita bure. Familia nyingi zilinungunika, na walikuwa na haki ya kunungunika: hawakubadilisha kitu mu maisha yao, lakini siku moja ile safari ikawa ya kulipa.

Peaje inaingia

Mustari wa watu wengi uko na ugonjwa mumoja: ukiwa na masharti makali unabaki wazi, na mustari wazi pembeni ya ambutiyaje unaleta makelele ya kisiasa. Ukilegeza masharti unajaa, na faida inaisha. Dawa yenye Wamarekani walitafuta ni kuuza fasi yenye inabaki. Gari ya watu tatu inapita bure. Shofere peke yake anaweza kupita vilevile, lakini analipa, na bei inapanda wakati mustari unakaribia kujaa, inashuka wakati uko wazi.

Barabara ya kwanza ya namna hiyo ni SR 91 mu California, yenye ilifunguliwa mwezi wa 12 mwaka wa 1995 kwenye urefu wa kilometa karibu 16. Hakuna bariera wala mutu wa kukata tikiti. Kifaa kidogo chenye kubandikwa kwa kioo cha mbele kinasomwa na mashini wakati gari inapita. Lakini ilijengwa na kompanyi ya binafsi, na mukataba ulikuwa na kipengele chenye kukataza serikali kupanua ile barabara ya bure yenye iko pembeni. Ambutiyaje ilizidi, watu wakakasirika, na mwaka wa 2003 wakubwa wa usafiri wa Orange County walilazimika kuinunua kwa dola milioni 207,5. Kisha kuinunua, walirudisha upitaji wa bure kwa magari ya watu tatu, isipokuwa mangaribi, saa zenye watu ni wengi zaidi wakirudi nyumbani: pale wanalipa nusu ya bei.

Virginia nayo ilifuata. Mistari ya peaje ilifunguliwa kwenye barabara ya kuzunguka muji, I-495, mu 2012. Kwenye I-95 mu mwezi wa 12 mwaka wa 2014. Kisha kwenye I-395, ile Shirley Highway ya zamani, mu 2019. Kompanyi yenye kuziendesha, Transurban, ni ya Australia. Watu wa mulongo waliogopa kama mupango wao utakufa: kama tajiri anaweza kununua njia, atabeba bado mutu kwa nini? Haukukufa, kwa sababu bei ilikuwa kubwa ya kutosha. Wakati kupita peke yako kunaomba dola nyingi, watu mbili wa Horner Road wanakuwa na bei, hata kama hakuna mwenye anaitaja.

Kwenye I-66, peaje ilianza tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka wa 2017. Mbele ya hiyo, saa za asubuhi, shofere peke yake alikuwa anakatazwa kupita, isipokuwa wachache kama wenye kutoka kwa uwanja wa ndege wa Dulles. Siku ya kwanza bei ilifika dola 34,50, kesho yake dola 40, kwa safari ya kilometa 16 hivi. Magazeti yalipiga makelele. Wenye kuitunga walijibu kama hakuna mwenye kulazimishwa kulipa dola 40. Ile bei ni namna ya kusema "mustari umejaa, tafuta mutu wa kupanda naye". Jibu hilo ni la kweli, na bado linauma kwa mutu mwenye saa yake ya kazi haibadilike na jirani yake haende upande wake. Kitu kimoja kilipunguza hasira: feza za ile sehemu ya I-66 zinaendeshwa na jimbo lenyewe, na sehemu yake inalipia bisi na mipango ingine ya usafiri wa watu wengi.

Mukataba wa I-495 uko na kipengele chenye kila mutu anayefikiria peaje ya kompanyi angepaswa kukisoma mara mbili. Kama magari ya watu tatu, yenye kupita bure, yanapitisha asilimia 24 ya magari ya ile mistari, mu hali zenye mukataba unataja, jimbo la Virginia linapaswa kulipa kompanyi sehemu ya feza zenye ilikosa. Maana yake serikali inawaambia wakaaji wagawane magari, lakini wakiitika wengi sana, ni serikali yenyewe inatoa makuta. Kompanyi haikuiba, ilitia karatasini hofu yake, na jimbo lilitia sahihi.

Nani anahesabu vichwa

Mupango wote unasimama juu ya swali la kitoto: ndani ya gari kuko watu ngapi? Mu Virginia shofere anatumia kifaa chenye kuitwa E-ZPass Flex. Kiko na kibonyezo: ukikisukuma upande mumoja unasema "siye tatu, tunapita bure", upande mwingine "niko peke yangu, mukate feza". Mashini inaamini. Polisi haiamini, inasimama kando ya barabara, na mashini yake inaonyesha gari gani imejiita ya watu tatu. Mwenye kudanganya analipa dola 125 mara ya kwanza, kisha 250, kisha 500, mupaka 1.000.

Bado watu wanajaribu. Mu Arizona, mwezi wa 1 mwaka wa 2020, polisi ilisimamisha muzee mwenye aliketisha pembeni yake mifupa ya mutu ya bandia, ikiwa na kofia kichwani na kufungwa kwa kamba. Mu Dallas, mwaka wa 2022, mwanamuke mwenye mimba alijitetea kama mutoto wa ndani ya tumbo ni abiria wa pili, wakati ule ule inchi nzima ilikuwa inabishana juu ya sheria za kutoa mimba. Mambo ya kuchekesha, lakini yanaonyesha kitu: kila mara sheria inatia bei juu ya mutu kukaa ndani ya gari, kuko mwenye atatafuta mutu wa bei rahisi zaidi.

Mu Jakarta walimupata.

Watoto wa kukodisha

Kuanzia mwaka wa 1992, barabara kubwa za katikati ya Jakarta, kama Sudirman na Thamrin, zilikatazwa kwa gari yenye haina watu tatu, saa za watu wengi. Haikuwa mustari mumoja wenye kutengwa. Ilikuwa barabara yote. Na hakukuwa peaje ya kununua ruhusa, wala mistari ya bure pembeni. Mwenye gari alikuwa na njia mbili: kuzunguka mbali, ao kujaza viti.

Kando ya zile barabara kukatokea kazi mupya. Watu masikini, wanawake wengi na vijana, walisimama fasi sheria inaanzia na kuinua kidole. Kidole kimoja: niko mumoja. Vidole mbili: niko na mutoto. Waliitwa "joki". Shofere anawapandisha, wanaketi mupaka upande mwingine, wanapata rupia karibu 15.000, dola moja na kidogo, kisha wanatafuta gari ya kurudi. Mama mwenye mutoto mugongoni alikuwa na bei nzuri kwa sababu anajaza viti viwili kwa mara moja. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Watoto walianza kukodishwa, na kukawa mashitaki kama wengine wanapewa dawa ya usingizi ili wasilie mu gari ya tajiri. Sheria yenye ilitungwa ili watu wagawane gari ilikuwa inalipa mutoto kwa sababu ya kuwa na kichwa.

Mwezi wa 4 mwaka wa 2016, gavana wa Jakarta, Basuki Tjahaja Purnama, alisimamisha ile sheria kwa majaribio, na mwezi wa 5 ikafutwa kabisa. Watu wengi walifikiri hakuna kitu kitabadilika. Kila mutu alijua magari yamejaa majoki; basi sheria ilikuwa ya kazi gani?

Wachunguzi tatu, Rema Hanna, Gabriel Kreindler na Benjamin Olken, walikuwa wanachukua kila mara mwendo wa magari kupitia Google Maps, mbele na kisha ya kufuta. Matokeo yalitoka mu gazeti la sayansi Science mwaka wa 2017. Asubuhi, kwenye zile barabara, kilometa moja yenye ilikuwa inaomba dakika 2,1 ilianza kuomba dakika 3,1. Mangaribi ilitoka dakika 2,8 mupaka 5,3, karibu mara mbili. Tena ambutiyaje ilizidi hata kwenye barabara zenye sheria haikugusa, na hata saa zenye sheria haikuwa inafanya kazi. Kumbe pamoja na majoki yote, mupango ule mubovu ulikuwa unazuia magari mengi kutoka nyumbani.

Kwa hiyo Jakarta ilikuwa mbele ya mambo mbili yenye hayapatane: sheria ilipunguza magari, na sheria ilikodisha watoto. Wakubwa wa muji walichagua kuifuta, na mu mwezi wa 8 mwaka ule ule walitia ingine ya namba za plaki: siku moja namba shufwa, siku ingine namba witiri. Namba ya plaki haiombe kubeba mutu.

Kukamata njia ao kuiongeza

Mu Los Angeles, mwezi wa 3 mwaka wa 1976, mustari mumoja wa barabara ya Santa Monica, yenye mashofere walikuwa wanautumia toka zamani, uligeuzwa kuwa wa bisi na wa magari ya watu tatu. Hawakujenga kitu, walikamata. Ambutiyaje kwenye mistari yenye ilibaki ikawa mubaya sana, ajali zikaongezeka, na kisha juma 21 muhukumu aliusimamisha, kwa sababu uchunguzi wenye sheria inaomba haukufanywa. Toka pale, kwa sehemu kubwa, Wamarekani wanajenga mustari mupya, hata kama unagarimu zaidi. Paris imejaribu tena ile njia nyingine: toka mwezi wa 3 mwaka wa 2025, mustari wa kushoto wa barabara ya kuzunguka muji ni wa bisi, taksi na magari ya watu mbili ao zaidi, saa za asubuhi na mangaribi, siku za kazi. Ulikuwa umetengwa mbele kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2024, na alama yake ni losange nyeupe.

Bei ndogo nayo inaweza kugeuza mambo. Kwenye daraja la bahari kati ya Oakland na San Francisco, watu walipandishana bila pesa toka miaka ya 1970, kwa sababu gari ya watu tatu ilikuwa inapita bure. Mwezi wa 7 mwaka wa 2010 ile gari ilianza kuombwa dola 2,50, wakati wengine walilipa dola 6 saa za watu wengi. Bado ilikuwa rahisi. Lakini mara moja swali likaingia ndani ya gari: nani analipa? Mashofere wengine wakaanza kuomba dola moja, abiria wengine wakakataa, na safari yenye ilikuwa ya kunyamaza ikawa ya kuhesabiana. Mulongo ule uliisha kabisa wakati wa Covid mu 2020.

Tofauti na peaje ya kwetu

Mu Congo, neno peaje linaonyesha bariera kwenye barabara yenye mara mingi ni moja tu. Analipa kila mwenye kupita, kufwatana na aina ya gari, na bariera haiulize kama ndani kuko mutu mumoja ao kumi na tano. Ile feza inaingia mu bei ya tikiti. Kwa hiyo mwenye gari kubwa ya binafsi na viti vitupu analipa mara moja, na bisi yenye kubeba kijiji kizima inalipa vilevile, hata zaidi kama iko nzito. Peaje ya Virginia inaendeshwa kwa mawazo ya kinyume: pembeni ya mustari wa kulipa kuko mistari ya bure, na kujaza viti kunaondoa deni. Bila ile njia ya pembeni, na bila lami yenye mwendo wake unaweza kupimwa, kuiga bei yenye kupanda na kushuka hakuna maana.

Kitu chenye hakiombe lami mupya ni kiwanja cha kungojea. Horner Road ilifanya kazi kwa sababu kuko fasi ya kuacha gari, fasi ya kusimama bila kugongwa, na bisi yenye inapita pale pale. Shofere asipokuja, mutu anapanda bisi. Ni vile vile mangaribi: wakaaji wa Virginia hawangekubali kuacha magari yao asubuhi kama hawangekuwa na hakika ya kurudi nyumbani, na mu eneo la Washington kuko mupango wa kumulipia taksi mutu mwenye aligawana gari asubuhi, kisha mutoto wake akagonjwa mu saa za kazi. Wenye kuutumia ni wachache. Wengi wanajiandikisha tu na kuendelea na safari yao.